Misaiprasi iliyoshuka pwani: uchambuzi wa kisa cha mapambo ya Majilio na Krismasi

Kisa hiki kinahusu kikundi cha akina mama na vijana wa usharika mmoja wa Kilutheri katika milima ya Usambara Magharibi, ambao walitengeneza mapambo ya matawi mabichi kwa ajili ya kanisa lao na la usharika rafiki ulioko mji wa pwani. Majina ya watu, kijiji na sharika zote mbili yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Nimekiandika kwa sababu kila mwaka ifikapo Novemba vikundi vingi huingia katika kazi hii kwa moyo wote, kisha matawi yanageuka kahawia kabla ya siku yenyewe na watu wanaamua kwamba plastiki ni bora. Kwa maoni yangu plastiki si bora. Ila tawi lililokatwa lina masharti yake, na masharti hayo yanaonekana vizuri sana katika yaliyowapata watu hawa.

Usuli

Usharika wa pwani una waumini wengi waliotoka milimani, wakashuka kwa kazi za bandari, ualimu na biashara. Kanisa lao lilikuwa na mti wa plastiki na tinseli, na hakuna aliyelalamika kwa miaka mingi. Ombi lilianzia kwa mama mmoja mtu mzima katika kikao cha wanawake, aliyesema kwamba tangu ahame nyumbani hajawahi kuisikia Krismasi puani. Alikuwa akisema habari ya harufu ya msaiprasi uliokatwa asubuhi. Wenzake wa milimani walimwelewa papo hapo, na barua ikaandikwa kwenda usharika wa juu.

Barua iliomba vitu viwili. Cha kwanza ni shada la Majilio, yaani lile duara la kijani lenye mishumaa minne, mmoja ukiwashwa kila Jumapili mpaka Krismasi, pamoja na mashada madogo ya namna hiyo kwa jumuiya za nyumbani. Cha pili ni mapambo marefu ya kuzungushia nguzo na kuninginiza madirishani wakati wa Krismasi. Walitaja urefu wa nguzo na idadi ya madirisha. Hawakutaja kingine, na milimani hakuna aliyeuliza.

Usambara ni mahali sahihi pa kuombea vitu hivi. Msaiprasi unaopandwa huko, na msindano wa aina ya patula, yote miwili asili yake ni Meksiko, lakini imekuwa miti ya mbao na ya uzio kwa vizazi kadhaa, na mashamba yake ya serikali na ya watu binafsi yametapakaa. Kwa watoto wa huko, tawi la msaiprasi lililochomekwa kwenye kopo la mchanga ndilo mti wa Krismasi wenyewe.

Kukata

Kikundi kilianza vizuri. Kabla ya panga kushikwa, mwenyekiti na katibu walikwenda kwa ofisa misitu wa wilaya kuuliza. Kulikuwa na wazo la kwenda kuchuma matawi ya mtarakwa na podo kwenye msitu wa asili, kwa kuwa ni mazuri na hayana mwenyewe. Ofisa akawaeleza kwamba yana mwenyewe: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa zao lolote linalotolewa msitu wa hifadhi, na miti ile hukua polepole mno kuvuliwa matawi kwa ajili ya pambo la wiki chache. Akawashauri wakatafute shamba la mtu, wachukue barua ya mwenye shamba na ya serikali ya kijiji, waisafirishe mizigo yao wakiwa nazo mkononi. Wakafanya hivyo.

Mama mmoja wa kikundi alikuwa na shamba dogo la misindano lililofikia wakati wa kupogolewa, na uzio wa misaiprasi uliokuwa umeshatanda njiani. Uamuzi ukawa kutumia matawi ambayo yangekatwa kwa vyovyote vile. Nausifu uamuzi huu bila kusita. Msindano unapogolewa matawi ya chini ili mbao zake zisiwe na vifundo, na kwa kawaida matawi hayo huachwa yaoze au huwa kuni. Kikundi kilipata malighafi bure, na mwenye shamba alipata wapogoaji.

Wapogoaji wenyewe hawakuwa wameifanya kazi hiyo. Siku ya kwanza vijana walianza saa nane mchana, jua likiwaka, wakifyeka kwa mapanga toka chini kwenda juu na kuchana magome. Mzee mmoja, mstaafu wa shamba la miti, alipita na kuwasimamisha.

"Shikamoo mzee," wakamwamkia.

"Marahaba wanangu. Mti huo mnaupogolea au mnauchinja?"

Akawaonyesha: msumeno, si panga, kata karibu na shina lakini usile ule uvimbe mdogo wa kwenye maungio, maana ndio unaofunga kidonda, acha nusu ya juu ya mti na matawi yake yote, kwani mti unapikia chakula huko. Akawaambia pia waache kukata mchana. Warudi alfajiri, umande ukiwapo, tawi likiwa limeshiba maji ya usiku. Na akawakataza matawi ya msaiprasi yenye ncha zilizokauka na weusi kama masizi juu ya majani. Hiyo ni kazi ya kidukari wa msaiprasi, mdudu aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, akaua uzio mwingi na mashamba mengi ya Afrika Mashariki. Tawi lililofyonzwa naye hukauka haraka, na ukilisafirisha unamsafirisha na yeye.

Matawi ya alfajiri yalikatwa tena vishina, kimshazari, na kuzamishwa kwenye mapipa ya maji kivulini usiku mzima. Hatua hii watu wengi huiruka kwa haraka, na ndiyo inayoongeza siku nyingi kuliko nyingine zote. Tawi likikatwa, hewa huingia kwenye mirija yake na kuziba njia ya maji. Kukata upya kipande kidogo na kukizamisha mara hiyohiyo huifungua njia, na majani ya msaiprasi hufaidika pia yakilowana.

Kufunga

Fremu za mashada zilitokana na mianzi iliyochanwa na kukunjwa, ikafungwa kwa kamba ya katani. Palikuwa na hoja ya kutumia vipande vya mgomba badala ya mwanzi, kwa kuwa gogo la mgomba limejaa maji na vishina vikichomekwa humo vinaendelea kunywa. Vijana walikataa: mgomba unaoza, utomvu wake unatia doa lisilotoka kwenye kitambaa cha meza, na gogo ni zito kusafirisha. Hoja zao zote tatu ni za kweli. Walichokosa ni kuona kwamba zinahusu usafiri na usafi, wakati hoja ya mgomba ilihusu uhai wa shada.

Ufungaji wenyewe waliufanya kwa ustadi mkubwa. Vijitawi vitatu au vinne vya urefu wa shibiri moja vinashikwa pamoja kuwa kishada, kimoja cha msindano kati ya vya msaiprasi ili kukipa mwili. Kishada kinalazwa juu ya fremu na kuzungushiwa waya ule wa kufungia nondo, mara mbili, kwa nguvu, kwa kuwa vishina vitanywea vikikauka na waya utalegea. Kishada cha pili kinafunika vishina vya cha kwanza, vyote vikielekea upande mmoja, mpaka cha mwisho kinapoingizwa chini ya ncha za cha mwanzo. Mapambo ya nguzo yalifungwa kwa mtindo uleule juu ya kamba ndefu ya katani. Mikono iliyonata utomvu wa msindano ilipakwa mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni. Sabuni peke yake haiutoi.

Kwa rangi walitumia makoni ya msindano na vitambaa vyekundu vya kitenge. Mtoto mmoja alileta mbegu za mtipitipi, nyekundu zenye doa jeusi, kwa nia ya kuzitunga kama shanga. Mwenyekiti alizichukua na kuzifukia shimoni. Mbegu ya mtipitipi ikitafunwa ina sumu inayoweza kuua, na pambo la Krismasi daima liko jirani na mikono ya watoto. Sijui kwa nini bado naziona kwenye mapambo ya sehemu nyingine.

Safari ya kwanza

Hapa ndipo uamuzi mkubwa wa kisa hiki ulipofanywa. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Mashada yalitakiwa kufika kabla ya hapo. Mapambo ya nguzo yalitakiwa Desemba 24. Kikundi kiliamua kutengeneza vyote kwa pamoja na kuvituma vyote kwa basi moja, mwishoni mwa Novemba.

Sababu zao hazikuwa za kijinga. Nauli ya mizigo ingelipwa mara moja. Vijana walikuwa na nafasi wakati ule, na katikati ya Desemba wengi wangekuwa mashambani kwa sababu ya mvua za vuli. Mwenye shamba alitaka kazi iishe. Tena milimani mapambo ya namna hiyo yanakaa wiki tatu bila shida, na wote walikuwa wameshayaona yakikaa. Uzoefu wao ulikuwa sahihi kwa baridi ya Usambara.

Mapambo yalitolewa kwenye maji yakiwa bado yanatiririka, yakashindiliwa ndani ya viroba, viroba vikafungwa midomo kwa kamba na kuzungushiwa nailoni ili yasikauke njiani. Vikaingia kwenye buti ya basi. Basi lilishuka Mombo, likafika pwani jioni, mizigo ikalala stendi, na kesho yake ikachukuliwa na kuwekwa stoo ya kanisa yenye paa la bati hadi watu watoke kazini.

Kiroba cha kwanza kilipofunguliwa kilitoa mvuke. Akina mama wa pwani walieleza baadaye kwamba ndani palikuwa pa moto kuliko nje, na harufu haikuwa ile waliyoingoja. Msaiprasi wa katikati ya mzigo ulikuwa umegeuka kahawia iliyoiva, laini, unaachia mkononi. Misindano ilikuwa nzima karibu yote. Mashada yaliyokuwa pembezoni mwa mzigo yaliokoka, yale ya katikati hayakufaa.

Katibu wa pwani alipiga picha na kuzituma kwa simu usiku uleule, bila kuongeza neno la lawama. Mwenyekiti wa milimani akampigia: "Pole sana dada. Usitupe kitu mpaka tuongee." Katika maongezi yale walikubaliana kwamba pwani watenganishe kilicho hai na kilichokufa, wavizamishe vilivyo hai usiku kucha, na wajaze mapengo kwa kijani cha hukohuko. Kijani hicho kilikuwa mivinje, iliyojipanga ufukweni mita chache kutoka kanisani. Kwa macho, mvinje na msindano ni ndugu. Kwa asili si ndugu kabisa, kwani mvinje ni mti wa maua na zile nyuzi zake za kijani ni vijitawi, majani yakiwa magamba madogo kwenye maungio yake. Kwa kazi ya shada tofauti hiyo haikuzuia chochote. Shada kuu likapatikana, zuri, Jumapili ikafika na mshumaa wa kwanza ukawashwa.

Jumapili ya tatu

Shada liliwekwa juu ya meza mbele ya madhabahu, chini ya pangaboi. Hapo ndipo lilipoonekana na kila mtu, na hapo ndipo upepo mkavu ulipolipiga kila ibada, kila mazoezi ya kwaya na kila kikao. Mishumaa ilichomekwa katikati ya majani, kwenye misumari iliyopigwa kwenye mwanzi, kwa namna inayofanyika mahali pengi. Katika joto la pwani mishumaa ilianza kuinama kidogo, na mtu alikuwa akiinyoosha kila Jumapili.

Jumapili ya tatu mishumaa mitatu ilikuwa ikiwaka, wa kwanza ukiwa umebaki kisiki. Wakati wa wimbo, mwali wake uliegemezwa na upepo wa pangaboi ukagusa ncha ya msaiprasi. Ncha ikashika. Mzee wa kanisa aliyekaa kiti cha mbele alinyanyua sinia lote lililobeba shada, akatoka nalo mlango wa pembeni na kulitupa mchangani, ambako liliungua lote kwa muda mfupi kuliko ubeti mmoja. Kitambaa cha meza kilipata tundu. Hakuna aliyeumia.

Jioni ile baraza la wazee lilikutana. Wengine walitaka kijani chote kiondolewe na mti wa plastiki urudishwe. Mchungaji aliuliza kwanza moto umeanzaje, na baada ya kusikia alisema watayarudia mapambo mabichi ila mishumaa ihamishwe. Jumapili ya nne mishumaa minne ilisimama peke yake ndani ya karai la mchanga. Kijani kilikaa kwenye meza nyingine ndogo, mbali na pangaboi: vijitawi vya mvinje na msindano vilivyochomekwa kwenye vipande vya mgomba juu ya sinia, vikibadilishwa kila Jumamosi. Mgomba uliokataliwa milimani ulirudi kwa njia hiyo, pwani, mahali ambapo hakuna aliyehitaji kuusafirisha.

Safari ya pili

Mapambo ya nguzo yaliyokuja na mzigo wa kwanza yalikuwa yameshakwisha. Kikundi cha milimani kiliamua kutengeneza mengine, kwa nauli yao wenyewe, na safari hii mwenyekiti alikwenda sokoni kuuliza watu ambao kila siku huteremsha majani mabichi kutoka Usambara hadi pwani: wafanyabiashara wa kabichi na nyanya.

Walimpa darasa la dakika chache. Hakuna anayefunga kabichi kwenye nailoni. Jani lililokatwa bado linapumua, na likipumua linatoa joto, ukilifungia, linajipika. Wao hutumia matenga, kwa sababu tenga lina matundu na hewa inapita. Hutandika na kufunika kwa majani ya mgomba, yaliyo baridi na yenye unyevu wa kiasi. Hupakia jioni na kusafiri usiku. Na huhakikisha kuna mtu anayeupokea mzigo gari linapofika.

Matawi yakakatwa alfajiri ya Desemba 22, yakazamishwa hadi kesho yake asubuhi, kisha yakakung'utwa na kutundikwa kivulini mpaka maji ya juu yakauke. Mapambo yakafungwa mchana wa tarehe 23, msindano ukiwa mwingi na msaiprasi kidogo, wa harufu. Yakaviringishwa bila kushindiliwa ndani ya matenga yaliyotandikwa majani ya mgomba, yakasafiri usiku juu ya lori la mboga, na alfajiri ya tarehe 24 akina mama wa pwani walikuwa wakisubiri. Yule mama aliyeanzisha ombi aliinamisha uso juu ya tenga la kwanza kabla halijateremshwa chini, akakaa hivyo kwa muda, na wenzake wakamwacha.

Matokeo

Mapambo ya pili yalikuwa mabichi siku ya Krismasi na hadi Mwaka Mpya. Msaiprasi ulianza kufifia baada ya kama wiki. Msindano ulibaki na rangi hadi Epifania, Januari 6, ulipoteremshwa ukiwa mkavu lakini bado umeshika majani yake. Nyaya na kamba zilikatwa na kutunzwa, na kijani kikaenda shimo la mboji. Mapambo yaliyowekwa kwenye kanisa la milimani, ya mzigo uleule wa Novemba, yalifika Krismasi vizuri kama walivyotarajia.

Kwa upande wa fedha, usharika wa pwani ulilipa nauli ya safari ya kwanza na kutuma sadaka kwa kikundi baada ya ya pili. Kazi ya mikono haikulipwa. Mwenye shamba alipata misindano iliyopogolewa sawasawa, na baadhi ya vijana sasa wanaitwa na majirani kupogoa kwa malipo.

Uchambuzi

Chanzo cha hasara ni kuweka kalenda mbili ndani ya safari moja. Shada la Majilio linatakiwa kuishi siku 22 hadi 28, kulingana na mwaka. Pambo la Krismasi linahitaji kuwa zuri siku moja na la kuvumilika siku kama kumi na mbili. Ni kazi mbili tofauti, zinazotaka miti tofauti, siku tofauti za kukata na ufungaji tofauti. Anayepanga kazi hii aanze na siku ya matumizi na kurudi nyuma, akihesabu siku ambazo tawi litakuwa mbali na shina. Kikundi kilipanga kwa kuanzia na nafasi ya vijana na bei ya nauli. Mambo hayo mawili ni ya kweli na mazito, lakini yalitakiwa kuja baada ya swali la kwanza. Na hesabu yenyewe ya nauli haikusimama: kuokoa safari moja kuligharimu mapambo yote ya nguzo.

Uchaguzi wa mti unafuata hapohapo. Msaiprasi una harufu na unajaza shada upesi, lakini majani yake madogo yamepangika kwa wingi, unyevu ukishikwa kati yake unaoza, na ukikosekana unakauka kutoka ncha. Msindano ni mvumilivu zaidi. Kama ningeulizwa, shada la wiki nne lingekuwa la msindano, na msaiprasi ungeongezwa mbichi kila wiki, vijitawi vichache tu vilivyochomekwa, kwa ajili ya pua. Kupima ni rahisi: kunja sindano moja. Ikijipinda, kuna maji. Ikikatika kwa mlio, tawi hilo lisikae karibu na moto.

Juu ya usafirishaji, kikundi kilidhani adui ni kukauka peke yake, ndiyo maana kikatumia maji mengi na nailoni. Milimani adui ndiye huyo. Ndani ya buti ya basi linaloteremka kwenda kwenye joto, adui alikuwa joto la majani yenyewe likikosa pa kutokea. Ujuzi wa jambo hili ulikuwapo kijijini muda wote, sokoni, kwa watu wanaosali nao kanisa moja, na haukuulizwa kwa kuwa mapambo yalionekana ni jambo la kanisa na kabichi ni jambo la biashara. Hili ndilo linalonigusa zaidi katika kisa kizima, maana nimeliona katika kazi nyingine nyingi za vikundi.

Moto nao una historia inayofaa kukumbukwa. Desturi ya duara la mishumaa ya Majilio ilianzishwa Hamburg mwaka 1839 na Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia aliyelea watoto wa familia maskini. Watoto walikuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika, akawatundikia gurudumu la mbao lenye mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, wahesabu wenyewe. Gurudumu lile la mwanzo halikuwa na majani. Kijani kiliongezwa baadaye. Kwa hiyo aliyetenga mishumaa na matawi pale pwani hakuharibu desturi yoyote. Majani ya misaiprasi na misindano yana mafuta na utomvu, na yakikauka huwaka kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kutafuta ndoo. Karai la mchanga lilitatua matatizo mawili kwa pamoja, kwa kuwa mishumaa iliyoinama kwa joto ilikandamizwa na mchanga ikasimama.

Pangaboi lilipaswa kujulikana mapema. Barua ya ombi ilieleza urefu wa nguzo kwa usahihi wa fundi, lakini jua linaingia dirisha gani, upepo unatoka wapi, meza itakaa chini ya nini, hayakuandikwa. Mtengenezaji aliye mbali hawezi kuyakisia. Maswali hayo matatu yangeandikwa kwenye karatasi moja, pwani wangeyajibu kwa dakika chache.

Yaliyofanikiwa yanastahili kutajwa kwa uzito uleule. Kwenda kwa ofisa misitu kabla ya kukata kuliwaokoa na kosa la kuingia msitu wa asili. Kutumia matawi ya kupogolea kuliondoa kabisa swali la kama miti imeharibiwa kwa ajili ya pambo. Kumsikiliza mzee wa msumeno kulibadilisha ubora wa matawi kwa siku moja. Na ule ukweli usio na lawama kati ya katibu na mwenyekiti, picha usiku uleule na simu ya pole, ndio ulioruhusu safari ya pili kuwepo. Nimeona ushirikiano ukivunjika kwa mizigo midogo kuliko huo.

Linabaki swali ambalo wazee wa pwani walilijadili Januari na hawakulimaliza: je, waendelee kuagiza misaiprasi ilhali wana mivinje, makuti machanga ya mnazi na ukindu mlangoni? Wanaopinga wanasema kijani cha Krismasi kilipata maana Ulaya kwa kuwa miti mingine huko huwa mitupu wakati wa baridi, na kwamba pwani Desemba kila kitu ni kijani. Naikubali hoja hiyo nusu. Shada la Majilio linalobadilishwa kila wiki lifanywe na mivinje na makuti ya hapohapo, kwa mikono ya vijana wa hapohapo, ambao mwaka ule walikuwa wapokeaji tu. Lakini kwa mkesha wa Krismasi, tenga moja la msaiprasi lishuke usiku wa tarehe 23. Waumini walioacha milima wameyasema wazi wanayoyataka, na nauli ya tenga moja kwenye lori la mboga ni ndogo.

Mpango wa mwaka unaofuata umeandikwa hivyo kwenye daftari la kikundi cha juu, pamoja na namba ya simu ya mwenye lori, na mstari mmoja kwa hati ya yule mzee mstaafu: uzio wa upande wa mashariki usiguswe mwaka huu, bado unajirudisha.